Kiungo kifunguke wapi? Mwongozo kamili wa kudhibiti vichupo vipya kwenye kivinjari

Ukibofya kiungo, ukurasa mpya una mahali pawili tu pa kwenda. Ama unachukua nafasi ya ule uliokuwa ukiusoma, ama unafunguka pembeni katika kichupo (tab) chake na ule wa kwanza unabaki ulipo. Nani aamue? Mimi nasema msomaji. Aliyetengeneza tovuti hajui kama simu yako ina kumbukumbu ndogo, kama uko katikati ya kujaza fomu, wala kama bando lako linakaribia kwisha. Wewe unajua. Kazi ya kivinjari ni kukutii, na vivinjari vingi vina uwezo huo tayari, ila njia zake zimejificha ndani ya menyu na vitufe ambavyo watu hawaonyeshwi. Tutaanza na kompyuta, twende kwenye simu, kisha tumfikie mtengenezaji wa tovuti, maana sehemu kubwa ya kero hii huanzia mezani kwake.

Kero hii imetoka wapi

Zamani vichupo havikuwapo. Kila ukurasa wa ziada ulifunguka katika dirisha zima, na ukishtuka una madirisha kumi yamefunikana. Mozilla ilipata vichupo mwaka 2001, Safari mwaka 2003, na Internet Explorer ikachelewa hadi toleo la 7, Oktoba 2006.

Amri inayolazimisha kiungo kufunguka pembeni ni kongwe kuliko hapo. Katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, huandikwa `target="_blank"`. Mei 1999 mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti kutoka Denmark, Jakob Nielsen, aliiweka tabia ya kufungua madirisha mapya miongoni mwa makosa makubwa ya usanifu wa tovuti. Hoja yake bado ina nguvu: dirisha jipya halina historia, kwa hiyo kitufe cha kurudi nyuma kinakufa, na wengi hawatambui hata kwamba dirisha jingine limefunguka. Desemba mwaka huo huo, HTML 4.01 katika toleo lake kali iliikataa amri hiyo. HTML5 ikairuhusu tena. Vichupo vilipokuja vilipunguza msongamano wa madirisha, lakini swali la nani mwenye uamuzi likabaki palepale.

Kuna jambo moja la kulishika hapa, maana hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake. Kiungo cha kawaida kinakupa njia mbili: ukibofya tu, kinafunguka hapohapo, ukibofya ukiwa umeshikilia Ctrl, kinafunguka pembeni. Kiungo chenye `_blank` kinafunguka pembeni kwa vyovyote utakavyobofya. Cha kwanza kinamwachia msomaji chaguo, cha pili kinamnyang'anya.

Hatua ya kwanza: zoeza mikono

Kabla ya kugusa mipangilio, jifunze vitufe. Hivi vitakufaa hata kwenye kompyuta ya maktaba, ya ofisini au ya steshenari, ambako huna ruhusa ya kubadili chochote.

Shikilia Ctrl kisha bofya kiungo. Kwenye Mac, tumia Command badala ya Ctrl. Kiungo kitafunguka katika kichupo kipya kimyakimya, nawe utabaki ulipo. Kubonyeza gurudumu la kipanya juu ya kiungo kunafanya kazi hiyohiyo, tena kwa mkono mmoja. Hii ndiyo njia bora ya kupitia matokeo ya utafutaji: fungua manne au matano yanayokuvutia bila kuondoka kwenye orodha, kisha yasome moja moja ukiyafunga kwa Ctrl+W.

Ukitaka kichupo kipya kifunguke na kikupeleke huko papo hapo, ongeza Shift, yaani Ctrl+Shift na kubofya. Shift peke yake, katika Chrome, Firefox na Edge, hufungua dirisha jipya.

Watu wachache wanajua kwamba kitufe cha kurudi nyuma nacho kinatii Ctrl. Shikilia Ctrl ubofye mshale wa nyuma, na ukurasa uliopita utafunguka katika kichupo kipya huku huu wa sasa ukibaki. Ni msaada mkubwa ukiwa kwenye ukurasa wa matokeo ambao unaogopa kuupoteza.

Kwenye Windows, ukiandika anwani au neno la kutafuta kwenye upau wa anwani kisha ukabonyeza Alt+Enter badala ya Enter tupu, matokeo yanakuja katika kichupo kipya. Na ukifunga kichupo kwa bahati mbaya, Ctrl+Shift+T inakirudisha pamoja na historia yake. Ibonyeze tena, na cha kabla yake nacho kitarudi.

Hatua ya pili: panga kivinjari chako

Majina ya menyu nitayaandika yanavyoonekana kwenye skrini ya Kiingereza, kwa kuwa ndivyo kompyuta nyingi zilivyowekwa.

Firefox ndiyo inayompa mtumiaji madaraka makubwa kuliko vyote. Fungua "Settings", kisha tafuta sehemu ya "Tabs". Hakikisha "Open links in tabs instead of new windows" ina alama ya tiki. Karibu na hapo kuna chaguo la kuhamia papo hapo kwenye kichupo kipya mara kiungo kinapofunguliwa. Ushauri wangu ni kuliacha bila tiki: kivinjari kinachokurusha kwenye ukurasa mwingine katikati ya sentensi kinakukatisha kusoma.

Sasa ingia ndani zaidi. Andika `about:config` kwenye upau wa anwani, ukubali onyo, kisha tafuta `browser.link.open_newwindow`. Thamani yake ya kawaida ni 3, maana yake viungo vyenye `_blank` vifunguke katika kichupo kipya. Namba 2 inavipeleka kwenye dirisha jipya. Namba 1 inavilazimisha vifunguke katika kichupo hichohicho ulichomo. Ukiweka 1, madaraka yamerudi kwako: kubofya kwa kawaida hakufungui kichupo kamwe, na ukikihitaji unatumia Ctrl.

Kuna tahadhari moja. Kurasa za malipo, na zile za kuingia kwa kutumia akaunti ya Google au ya mtandao mwingine, mara nyingi hufungua ukurasa wa pili unaopaswa kuzungumza na ule wa kwanza. Kwa namba 1, ule wa pili unaweza kuufunika wa kwanza na mazungumzo yakakatika. Muamala ukikwama namna hiyo, rudisha 3, maliza shughuli, kisha weka 1 tena.

Humohumo kwenye `about:config`, `browser.search.openintab` ikiwa `true` hufanya matokeo ya kisanduku cha utafutaji yaje katika kichupo kipya, na `browser.tabs.loadBookmarksInTabs` hufanya hivyo kwa alamisho (bookmarks) zako.

Chrome haina mpangilio wa namna hii, na Edge, iliyojengwa juu ya msingi uleule, iko vivyo hivyo. Naona ni upungufu wa wazi: kivinjari kinachotumiwa na watu wengi kiasi hicho kilistahili swichi moja tu ya kusema "usifungue kichupo bila mimi kuomba". Hata hivyo kuna njia mbili za kuzunguka.

Ya kwanza ni kukiburuta kiungo kwa kipanya na kukiachia juu ya upau wa anwani au juu ya jina la kichupo ulichomo. Kitafunguka hapohapo hata kama mtengenezaji aliamuru vingine.

Ya pili ni alamisho yenye msimbo. Bonyeza Ctrl+Shift+O kufungua kidhibiti cha alamisho, ongeza alamisho mpya, ipe jina kama "Ondoa vichupo", na mahali pa anwani bandika mstari huu:

```
javascript:(()=>{for(const e of document.querySelectorAll('a[target],base[target]'))e.removeAttribute('target')})()
```

Ukifika kwenye ukurasa wenye viungo visivyokutii, bofya alamisho hiyo mara moja. Viungo vyote vilivyopo kwenye ukurasa kwa wakati huo vitakuwa vya kawaida. Bandika msimbo ndani ya kidhibiti cha alamisho, si kwenye upau wa anwani, kwa sababu ukiubandika kwenye upau Chrome hufuta neno `javascript:` la mwanzo kwa ajili ya usalama.

Viendelezi (extensions) vya kufanya kazi hii vipo, lakini soma kwanza ruhusa vinavyoomba. Vingi huhitaji kusoma na kubadili data yako kwenye kila tovuti unayotembelea, benki yako ikiwemo. Hiyo ni ruhusa kubwa mno kwa kazi ambayo mstari mmoja wa msimbo unaitosheleza.

Kwa Safari ya Mac, fungua "Settings" kisha "Tabs". Hapo utachagua kama Command na kubofya kufungue kichupo, na kama kichupo kipya kiwe mbele mara kinapofunguka. Safari pia ina jambo ambalo ningependa vivinjari vyote viige: ukiwa kwenye kichupo kilichozaliwa na kiungo na ukabonyeza kurudi nyuma, kichupo kinajifunga na unarudi kwenye ukurasa ulikotoka. Lalamiko la mwaka 1999 kuhusu kitufe kilichokufa linapata jibu hapo.

Hatua ya tatu: simu

Kwenye simu hakuna Ctrl. Mkono wako una ishara mbili: kugusa, na kugusa ukashikilia.

Kwenye Chrome ya Android, gusa kiungo na ushikilie hadi menyu itokee. Utapata chaguo la kufungua katika kichupo kipya na jingine la kufungua katika kichupo kipya ndani ya kikundi. Napendelea la kikundi kwa utafiti wa jambo moja, kwa sababu vichupo vya mada hiyo hukaa pamoja na unaweza kuvifunga vyote kwa mkupuo. Kichupo kilichofunguliwa na kiungo kinaweza kuondolewa kwa kitufe cha kurudi cha simu yenyewe: ukikibonyeza kabla hujaenda kwingine, kichupo kinafungwa na unarudi kwenye ukurasa uliokizaa.

Kwenye iPhone, nenda kwenye mipangilio ya Safari, ambayo tangu iOS 18 iko chini ya "Apps". Tafuta "Open Links". Kuna "In New Tab" na "In Background". Ukichagua la pili, kiungo ulichokishikilia kitafunguka nyuma bila kukutoa ulipo.

Viungo vya ndani ya Facebook na Instagram vina mambo yake. Programu hizi hufungua ukurasa ndani ya kivinjari chao wenyewe, hivyo vichupo vyako, nywila ulizohifadhi na mipangilio uliyohangaika nayo havimo. Agosti 2022 mtafiti Felix Krause alionyesha kwamba vivinjari hivyo vya ndani kwenye iPhone vilikuwa vikiingiza msimbo wa JavaScript, lugha ya kuendesha kurasa za tovuti, katika kurasa za tovuti nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kuandika nywila au namba ya kadi yoyote, gusa vidoti vitatu vya juu na uchague kuufungua ukurasa huo kwenye kivinjari chako cha kawaida.

Kumbukumbu, bando na fomu iliyojazwa nusu

Hapa ndipo suala la vichupo linapoacha kuwa la ladha na kuwa la hasara halisi. Simu yenye RAM ya GB 1 au 2 haiwezi kushikilia vichupo vingi kwa wakati mmoja. Mwaka 2017 Google ilitangaza Android Go mahususi kwa simu zenye RAM ya GB 1 au pungufu, na hata hapo kanuni haikubadilika: kumbukumbu ikijaa, mfumo unavitoa vichupo vya nyuma. Jina la kichupo unaliona bado, lakini yaliyomo hayapo. Ukirudi, ukurasa unapakiwa upya kutoka mwanzo. Bando linaliwa mara ya pili, na ulichoandika kwenye fomu kinaweza kuwa kimekwenda.

Mfikirie mwanafunzi anayeomba mkopo wa masomo kwa simu. Katikati ya fomu kuna kiungo cha "soma masharti". Anakigusa. Kama kiungo ni cha kawaida, ukurasa wa fomu unaondoka. Kama ni cha `_blank`, fomu inabaki nyuma, lakini simu dhaifu inaweza kuitoa kwenye kumbukumbu akiwa bado anasoma masharti. Njia zote mbili zina hatari, kwa hiyo jilinde hivi.

Kabla ya kugusa kiungo chochote ndani ya fomu, bonyeza kitufe cha kuhifadhi kama kipo. Majibu marefu, kama barua ya maombi au maelezo ya familia, yaandike kwanza kwenye programu ya madokezo kisha uyabandike. Masharti na mifano ya viambatisho visome kabla ya kuanza kujaza, ukavifunge. Funga pia programu nyingine nzito, hasa kamera na video. Na ukirudi kwenye fomu ukute umetakiwa kuingia upya, usiandike nywila kabla hujaitazama anwani iliyo juu. Sababu nitaieleza hapa chini.

Kwenye kompyuta mambo ni mepesi zaidi. Chrome ina kiokoa kumbukumbu kinacholaza vichupo visivyotumika, lakini hukiacha kichupo chenye fomu iliyojazwa nusu. Katika "Settings", sehemu ya "Performance", unaweza kuorodhesha tovuti ambazo hazipaswi kulazwa kamwe. Edge imekuwa na vichupo vinavyolala tangu toleo la 88, Januari 2021, nayo inakuruhusu kuweka orodha kama hiyo.

Hatua ya nne: kwa wewe unayetengeneza tovuti

Anza kwa kutoandika `target` popote. Hoja ya kwamba "wageni wataondoka kwenye tovuti yetu" haina mashiko: anayetaka kuondoka ataondoka, na anayetaka kurudi atabonyeza mshale wa nyuma, kitufe ambacho anakijua kuliko menyu yako.

Kiungo kiwe kiungo kweli, yaani `<a href="...">` yenye anwani kamili. Kitufe au `div` inayohamisha ukurasa kwa `onclick` haikubali Ctrl, haikubali gurudumu la kipanya, na kwenye simu ukishikilia haitoi menyu. Umemfungia msomaji mlango ambao kivinjari kilikuwa kimemwachia wazi.

Ukilazimika kukamata mbofyo kwa JavaScript, kama tovuti nyingi za ukurasa mmoja zinavyofanya, pisha kwanza mibofyo yenye vitufe maalumu kabla ya kuita `preventDefault()`, amri inayomzuia kivinjari kufuata kiungo:

```
if (e.button !== 0 || e.ctrlKey || e.metaKey || e.shiftKey || e.altKey) return;
```

`metaKey` ndiyo Command ya Mac, na wengi huisahau kwa kuwa hawajaribu kazi yao huko.

Zipo sehemu ambapo kufungua pembeni kunastahili. Msaada au masharti yanayosomwa katikati ya fomu ndefu ni mfano mzuri, na ukurasa unaocheza sauti au video ambayo msomaji hangependa ikatike ni mwingine. Hapo tumia `_blank`, lakini mwambie kabla hajabofya. Andika kwenye maneno ya kiungo chenyewe: "Soma masharti, yanafunguka katika kichupo kipya". Alama ya mshale mdogo peke yake haimsaidii asiyeona anayetumia kisoma skrini. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, WCAG, katika kigezo 3.2.5, unataka mabadiliko ya aina hii yatokee kwa ombi la mtumiaji tu, au pawe na njia ya kuyazima, na mbinu yake ya G201 ni kutoa taarifa mapema.

Ongeza pia `rel="noopener"`. Kwa miaka mingi, ukurasa uliofunguliwa kwa `_blank` ulipewa `window.opener`, yaani mkono wa kuushika ukurasa uliouzaa. Tovuti yenye nia mbaya iliweza, ukiwa unasoma kwake, kukibadilisha kimyakimya kichupo chako cha nyuma kikawa ukurasa bandia wa kuingia. Unarudi, unadhani muda wako umeisha, unaandika nywila. Ndiyo sababu nilisema utazame anwani. Safari ilizuia jambo hili bila kuombwa kuanzia toleo la 12.1 mwaka 2019, Firefox toleo la 79 Julai 2020, na Chrome toleo la 88 Januari 2021. Simu zenye vivinjari vya zamani zaidi ya hapo bado zinahitaji neno hilo moja, na kuliandika hakukugharimu chochote. Ukiongeza `noreferrer`, tovuti unayoielekeza haitajua msomaji ametoka wapi.

Kuhusu `window.open`, amri ya JavaScript ya kufungua ukurasa pembeni, iite ndani ya mbofyo wenyewe. Ukisubiri kwanza jibu la seva ndipo ufungue ukurasa, kivinjari kinaweza kuuona kama tangazo ibukizi na kuuzuia, na mtumiaji ataona kitufe kisichofanya kitu.

Mwisho, kubali kwamba mtu mmoja atafungua tovuti yako katika vichupo viwili au vitatu kwa wakati mmoja. Mifumo ya maombi huanguka hapa kila mara, kwa sababu seva inakumbuka "hatua ya sasa" moja tu kwa kila mtumiaji. Akifungua maombi mawili pembeni kwa pembeni, majibu ya moja yanaingia kwenye jingine. Weka kitambulisho cha ombi kwenye anwani yenyewe ili kila kichupo kijitegemee. Usitegemee `sessionStorage`, hifadhi ya muda ya kivinjari, pekee, maana kila kichupo kina yake. Rasimu ya fomu ihifadhi kwenye seva kila baada ya muda mfupi, na kama mtandao ni wa kukatika, iweke pia kwenye `localStorage`, hifadhi ya kivinjari inayoshirikiwa na vichupo vyote vya tovuti yako, hadi muunganisho urudi. Kwenye kompyuta zinazotumiwa na watu wengi, ifute mara mtumiaji anapotoka, kwa sababu humo mna taarifa zake binafsi.

Hatua ya tano: ijaribu kazi yako

Chukua ukurasa wako wenye viungo vingi. Bofya kila aina ya kiungo kwa kawaida, kisha kwa Ctrl, kisha kwa gurudumu. Pita ukurasa mzima kwa Tab na Enter bila kugusa kipanya. Kwenye simu, gusa na ushikilie uone kama menyu inatokea. Jaza fomu nusu, fungua kiungo kilichomo, kisha fungua kamera na programu mbili nzito, halafu rudi. Fanya haya kwenye simu ya bei ya chini, ya aina ambayo watumiaji wako wanayo, si ile yako ya mfukoni. Mahali popote ambapo menyu haikutokea, Ctrl haikutii au maandishi yamepotea, andika jina la kiungo hicho, ufungue msimbo wake na uanze na `href`.